Mfalme Mwenye Askari Elfu Kumi

Masomo ya kusoma nyumbani: Luka 14:25–33, Yeremia 38 na 39, Danieli 3.



Ndugu na dada wapenzi, tunawasalimu nyote katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo: ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio sokoni na njiani, wagonjwa mlio kitandani, na ninyi mliokimbia vijiji vyenu na sasa mnalala chini ya shitingi. Mungu anawaona. Wale waliokosa kutusikia kwenye redio, hili hapa fundisho kwa maandishi. Msome pamoja katika vyumba vya maombi na majumbani.

Fundisho letu linatoka katika Injili ya Luka, sura ya 14. Yesu alikuwa njiani na watu wengi sana walikuwa wakimfuata. Aliwaeleza habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kisha habari ya mfalme anayekwenda vitani. Mfalme huyo ana askari elfu kumi, na yule anayemjia ana elfu ishirini. Yesu anatufundisha kwamba mfalme mwenye akili ataketi kwanza na kufanya shauri. Akiona hawezi, atatuma wajumbe wa kutafuta amani wakati yule mwingine bado yuko mbali.

Tushike mambo matatu katika habari hiyo: kuketi, kuhesabu, na kutuma wajumbe mapema. Kwa mdomo ni mambo mepesi, lakini wakubwa wa dunia walioyaweza ni wachache. Leo tutaeleza habari ya serikali moja iliyochelewa kuketi, ikachelewa kuhesabu, na ikatuma wajumbe wakati moto umekwisha kuingia nyumbani. Ni serikali ya Japani, mwaka wa 1945.

Mtu atauliza: Japani ni mbali, sisi watu wa Kongo inatuhusu nini? Inatuhusu, wapenzi. Sehemu kubwa ya uraniumu ambayo Wamarekani walitumia katika kazi ya mabomu ya atomiki ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga yetu. Zaidi ya tani elfu moja zilipelekwa New York mwaka wa 1940, na nyingine zikafuata. Wazee wetu waliochimba mawe yale hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Basi jasho la Kongo limo ndani ya habari hii, na ni vema tujue namna ilivyokwisha.

Nchi iliyokuwa inashindwa

Japani ilikuwa katika vita na China tangu mwaka wa 1937, na Marekani na Uingereza tangu mwezi wa kumi na mbili wa 1941. Tusifiche: majeshi yake yalitenda mabaya makubwa katika China, Korea na nchi nyingine, na watu wengi sana wasio na silaha walikufa mikononi mwao. Mwanzoni yalishinda mahali pengi. Lakini ilipofika mwaka wa 1945 meli zao zilikuwa zimezamishwa, chakula kilikuwa haba, na ndege za adui zilikuwa zinachoma miji yao. Katika usiku mmoja tu, wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 ya mwezi wa tatu, sehemu kubwa ya mji mkuu, Tokyo, iliungua, na watu karibu 100,000 wakafa. Mwezi wa tano Ujerumani, rafiki yao, iliweka silaha chini. Mwezi wa sita walipoteza kisiwa cha Okinawa. Hata hivyo wakubwa wa jeshi waliwafundisha wanawake na vijana kupigana kwa mikuki ya mianzi.

Tarehe 26 ya mwezi wa saba, Marekani, Uingereza na China walitoa tangazo kutoka Potsdam, katika Ujerumani. Walidai majeshi ya Japani yaweke silaha chini bila sharti. Wakikataa, nchi yao itaharibiwa mara moja na kabisa. Waziri mkuu wa Japani, mzee Suzuki Kantaro, alijibu kwa neno lililosikika kama kusema: hatulijali tangazo hilo, tunalinyamazia.

Kwa nini walinyamaza? Kwa sababu walikuwa na tumaini la uongo. Walifikiri Urusi, ambayo ilikuwa haijaingia katika vita nao, itakuwa mpatanishi. Walimwagiza balozi wao aliyekuwa Moscow aombe na kuomba tena. Hawakujua kwamba Stalin, tangu mwezi wa pili, alikuwa amekwisha kuwaahidi Wamarekani na Waingereza kwamba ataipiga Japani miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kushindwa. Walikuwa wanamwomba ulinzi mtu aliyekuwa ananoa panga la kuwakata. Ndugu, ni mara ngapi sisi pia tunaweka tumaini mahali pa namna hiyo?

Wazee sita katika chumba kimoja

Sasa sikilizeni namna serikali ile ilivyofanya kazi. Shauri la vita lilikuwa mikononi mwa watu sita: waziri mkuu Suzuki, waziri wa mambo ya nje Togo Shigenori, waziri wa jeshi Anami Korechika, waziri wa jeshi la bahari Yonai Mitsumasa, na wakubwa wawili wa majeshi, Umezu Yoshijiro wa nchi kavu na Toyoda Soemu wa bahari. Ilikuwa desturi kwamba serikali haikati neno mpaka mawaziri wote wakubaliane. Tena waziri wa jeshi alikuwa lazima awe jenerali aliye kazini. Akijiuzulu, na jeshi likikataa kutoa mwingine, serikali inaanguka. Kwa hiyo jeshi lilikuwa limeshika serikali shingoni.

Na kulikuwa na hofu nyingine. Katika miaka iliyotangulia, maofisa vijana walikuwa wamewaua mawaziri waliosema maneno ya kupunguza vita au kupunguza feza za jeshi. Mzee Suzuki alilijua jambo hilo katika mwili wake mwenyewe. Tarehe 26 ya mwezi wa pili mwaka wa 1936, askari waasi waliingia nyumbani mwake wakampiga risasi. Mama, mke wake, ndiye aliyewasihi wasimmalize. Alipona. Sasa, mwenye miaka 77, aliketi kwenye meza moja na wakubwa wa jeshi lile lile. Kila mmoja katika chumba kile alijua kwamba neno «amani» laweza kumtoa mtu roho.

Tarehe 6 ya mwezi wa nane, bomu la kwanza la atomiki lilianguka Hiroshima. Watu waliokufa mpaka mwisho wa mwaka ule wanakadiriwa kuwa karibu 140,000. Tarehe 8, Urusi ilitangaza vita, na usiku ule ule majeshi yake yakaingia Manchuria. Tumaini la uongo likafa. Asubuhi ya tarehe 9 wale sita waliketi. Wakati walipokuwa wakibishana, habari ikaletwa: bomu la pili limeanguka Nagasaki. Tujue kwamba Nagasaki ndio mji uliokuwa na Wakristo wengi tangu zamani, watu ambao babu zao walishika imani kwa siri katika miaka mingi ya mateso. Kanisa lao kubwa la Urakami lilikuwa karibu na mahali bomu lilipopasukia, na likabomoka lote.

Mngefikiri baada ya habari kama hiyo ubishi utakwisha. Haukwisha. Watatu walisema: tukubali, kwa sharti moja tu, Mfalme wetu asiondolewe. Hao walikuwa Togo, Yonai na Suzuki. Watatu wengine, Anami, Umezu na Toyoda, walisema: hapana, masharti yawe manne. Mfalme abaki, askari wetu tuwanyang'anye silaha sisi wenyewe, wenye makosa ya vita tuwahukumu sisi wenyewe, na majeshi ya kigeni yasikalie nchi yetu, au yakija yawe machache na kwa muda mfupi. Watatu kwa watatu. Mawaziri wote wakaitwa, nao wakagawanyika. Saa zikapita, jua likatua, na huko nje watu walikuwa wanakufa kwa majeraha ya moto, wakiomba maji.

Wapenzi, hapa tusimame kidogo. Katika chumba kile hapakuwa na mama hata mmoja wa Hiroshima. Hapakuwa na mkulima, wala mjane wa Tokyo. Wale waliokuwa wanabishana juu ya sharti moja au manne hawakuwa wale waliokuwa wanaungua. Hivyo ndivyo vita vilivyo, hata leo. Wanaolipa hawaulizwi bei.

Usiku ule chini ya ardhi

Kabla ya saa sita ya usiku, wale sita na wengine wachache waliingia katika shimo la kujificha chini ya jumba la Mfalme. Mfalme Hirohito aliketi mbele yao. Kila mmoja akasema neno lake, na bado walibaki wamegawanyika. Ndipo, karibu saa nane ya usiku, mzee Suzuki akasimama akafanya jambo ambalo kwa desturi yao halikufanywa. Kwa kawaida Mfalme aliletewa neno lililokwisha kukubaliwa na wote. Suzuki akamwomba Mfalme mwenyewe akate neno.

Mfalme akasema anakubaliana na waziri wa mambo ya nje. Hakuona tena namna ya kushinda. Kuendelea ni kuwaua watu wake bure. Alfajiri mawaziri wote wakatia sahihi, hata Anami, na ujumbe ukatumwa kwa njia ya Uswisi na Uswidi.

Lakini halikuisha. Jibu la Marekani lilifika tarehe 12. Lilisema kwamba mamlaka ya Mfalme itakuwa chini ya mkubwa wa majeshi ya washindi. Wenye masharti manne wakainuka tena: mwaona, wanataka kumshusha Mfalme! Ubishi ukaanza upya, siku mbili nyingine. Ndege zikaendelea kupiga miji, hata tarehe 14 yenyewe. Siku hiyo Mfalme akawaita wote tena, akasema mara ya pili: tukubali. Alikuwa tayari kusema yeye mwenyewe na watu wake kwenye redio. Na usiku huo sauti yake ikashikwa katika santuri, ili itolewe kesho yake saa sita mchana.

Santuri zilizotafutwa gizani

Maofisa vijana wa jeshi hawakukubali. Meja mmoja, Hatanaka Kenji, na wenzake walitaka kulifunga jumba la Mfalme, kuzikamata zile santuri, na kuendeleza vita. Walikwenda kwa Jenerali Mori, mkubwa wa walinzi wa Mfalme, wakamtaka ajiunge nao. Hakukubali. Wakamwua, wakaandika amri za uongo kwa jina lake. Wakaingia katika jumba, wakatafuta chumba kwa chumba katika giza, kwa maana taa zilikuwa zimezimwa kwa sababu ya ndege. Hawakuziona. Mtumishi mmoja wa jumba alikuwa amezificha. Wakakimbilia redio, wakiwa na silaha, wakitaka waseme na nchi nzima. Wafanyakazi wa redio wakakataa kuwapa nafasi ya kusema. Wengine wakaichoma nyumba ya mzee Suzuki, naye akatoroka.

Kabla ya mapambazuko kukamilika, Jenerali Tanaka Shizuichi, mkubwa wa jeshi la upande wa Tokyo, akaja mwenyewe, akawaamuru askari warudi mahali pao. Uasi ukazimika.

Na Anami je? Yeye aliipinga amani mpaka mwisho. Angeweza kujiuzulu, na serikali ingeanguka. Angeweza kuwapa vijana mkono, na jeshi zima lingemfuata. Maofisa walimjia, mmoja wao akiwa shemeji yake, wakamsihi. Lakini Mfalme alipokwisha kukata neno, Anami hakujiuzulu wala hakuasi. Alitia sahihi. Kisha usiku huo akajiua. Hatusifu jambo hilo la mwisho. Uhai ni wa Mungu, na aibu ya kushindwa haistahili kulipwa kwa damu ya mtu, kwa kuwa msalaba umekwisha kuibeba aibu. Kama kuna mtu anatusikia leo ambaye aibu inamwambia afe, tunamwambia: usimsikilize huyo, mtafute mzee wa kanisa au ndugu leo hii. Lakini tunaliona jambo moja kwake: alitii neno ambalo hakulipenda, na utii ule uliokoa watu wasiohesabika.

Tarehe 15 ya mwezi wa nane, saa sita mchana, Wajapani walisimama mbele ya redio. Wengi walikuwa hawajasikia sauti ya Mfalme wao tangu kuzaliwa. Alisema kwa lugha ya jumba la kifalme ambayo watu wa kawaida waliielewa kwa shida. Neno «kushindwa» hakulitaja. Lakini walielewa, wakalia. Tarehe 2 ya mwezi wa tisa, juu ya meli ya Marekani katika ghuba ya Tokyo, sahihi zilitiwa. Mmoja wa Wajapani wawili waliotia sahihi alikuwa Umezu, yule yule aliyedai masharti manne.

Mfalme mwingine, aliyeogopa

Sasa tufungue Yeremia 38. Mji wa Yerusalemu umezungukwa na majeshi ya Babeli. Mfalme Sedekia anamwita Yeremia kwa siri, anamwuliza neno la Bwana. Yeremia anamweleza wazi: ukitoka na kujitia mikononi mwa wakubwa wa Babeli, utaishi, na mji hautachomwa, ukikataa, mji utachomwa, nawe hutapona. Sedekia anaamini. Soma vizuri, utaona kwamba hakubishana na nabii. Anakubali moyoni, lakini anaogopa. Anawaogopa Wayahudi waliokwisha kwenda upande wa Babeli, kwamba watamdhihaki. Anawaogopa pia wakubwa wake mwenyewe, hata anamwambia Yeremia asimwambie mtu yeyote waliyosemezana.

Wakubwa wale ndio waliomtupa Yeremia katika shimo la matope, wakisema anailegeza mikono ya askari. Mtu aliyesema ukweli juu ya hesabu akaitwa msaliti. Na aliyemtoa shimoni hakuwa mkubwa wa Israeli. Alikuwa Ebed-meleki, Mkushi, mtu mweusi kama sisi, kwa kamba na matambara makuukuu.

Mwisho wa Sedekia mnaujua. Ukuta ulibomolewa, akakimbia usiku, akakamatwa karibu na Yeriko. Wanawe waliuawa mbele ya macho yake. Kisha macho yake yakapofushwa. Mji ukachomwa. Alilijua neno la kweli, lakini hakuwa na nguvu ya kubeba aibu yake.

Tufundishwe nini?

Jambo la kwanza: anayehesabu si msaliti. Togo alipoeleza kwamba nchi haiwezi tena, hakuwa anaichukia Japani. Yeremia hakuichukia Yerusalemu, aliililia. Katika nyumba zetu, katika kanisa, katika kijiji, yupo daima mtu mmoja anayesema: jamani, tuketi tuhesabu. Msimtupe shimoni. Mara nyingine huyo ndiye Mungu amemtuma.

Jambo la pili: amani inahitaji mtu anayekubali kubeba aibu. Wote sita waliogopa kuwa yule atakayekumbukwa kwamba alisema «tumeshindwa». Neno likangoja mpaka mtu mmoja alipokubali kulisema kwa kinywa chake. Hatumfanyi Hirohito kuwa mtakatifu. Vita vilipigwa kwa jina lake miaka mingi, naye pia alichelewa. Kama angesema miezi sita mapema, Tokyo isingeungua. Lakini alipolisema, bunduki zilinyamaza. Katika ugomvi wa mume na mke, nani atasema kwanza «yaishe»? Katika kesi ya shamba ambayo imekula ng'ombe, imekula feza za shule ya watoto, nani atabeba aibu ya kuiacha? Katika kanisa lililogawanyika, wachungaji wawili kila mmoja na kwaya yake, nani atatangulia kwenda kugonga mlango wa mwenzake? Bwana wetu alikuwa mwenye utukufu wote, akajishusha mpaka msalabani. Aliyebeba aibu ya kweli ni yeye. Iliyobaki kwetu ni ndogo.

Jambo la tatu: kuchelewa kuna bei, na bei hiyo hailipwi na yule anayechelewa. Kutoka tangazo la Potsdam mpaka sauti ya Mfalme kwenye redio zilipita siku 20 tu. Katika siku hizo 20 yalitoka mabomu mawili na vita vya Urusi. Yesu alisema wajumbe watumwe wakati yule mwingine bado yuko mbali. Akiisha kufika mlangoni, masharti hayako tena mikononi mwako. Yale masharti manne waliyoyapigania, matatu waliyapoteza yote. Nchi ilikaliwa na wageni mpaka mwaka wa 1952, askari walinyang'anywa silaha, wakubwa walihukumiwa. Lakini taifa halikufa. Mfalme alibaki, watoto wakarudi shuleni, na mwaka wa 1947 nchi ile ikaweka sheria kuu mpya ya kuacha vita. Yale waliyofikiri hawawezi kuishi bila hayo, waliishi bila hayo.

Jambo la nne, na hapa tusikilizane vizuri: si kila kusalimu amri kunatoka kwa Mungu. Shadraka, Meshaki na Abednego hawakuinama mbele ya sanamu, na Mungu alikuwa pamoja nao katika tanuru. Mtu akikutaka umkane Kristo, au umwue jirani, au uuze binti yako, usiiname. Hatuwaambii watu wa nchi yetu wainame mbele ya uovu, wala hatutoi hukumu hapa juu ya vita vinavyotutesa na namna vitakavyokwisha. Tunasema hivi: pima kile unachokilinda. Wale vijana watatu walilinda utukufu wa Mungu, na waliotiwa motoni ni wao wenyewe. Wale majenerali walilinda heshima yao, na waliotiwa motoni ni watoto wa wengine. Hapo ndipo utakapojua tofauti.

Masharti yetu manne

Wapenzi, tumalizie mahali Yesu alipomalizia. Baada ya habari ya mfalme, hakusema neno juu ya siasa. Alieleza kwamba mtu asiyeviacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mwanafunzi wake. Basi mfalme mwenye elfu kumi ni wewe. Ni sisi. Tumepigana na Mungu kwa nguvu ndogo, na bado tunatuma masharti.

Mmoja anasema: Bwana, nitakutii, lakini usiguse feza zangu. Huyo ana sharti la kwanza. Mwingine anasema: nitakutii, lakini yule aliyemwua ndugu yangu sitamsamehe. Sharti la pili. Mwingine: nitakutii, lakini makosa yangu nitayahukumu mwenyewe, kanisa lisiniulize. Sharti la tatu. Mwingine: nitakutii, lakini usikae ndani yangu, uje siku ya Mungu tu, kwa muda mfupi. Hilo la nne. Na tunapobishana naye juu ya masharti, nyumba inaungua, watoto wanaangalia, mke analia usiku.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na hiyo ndiyo Habari Njema. Mfalme anayetujia hakuja na moto kutoka juu. Alikuja na mikono yenye alama za misumari. Wajumbe wa amani hakungoja sisi tuwatume; alimtuma Mwana wake wakati sisi tulikuwa bado mbali. Anayejitia mikononi mwake anafanywa mtoto wa nyumba.

Juma hili, kila jamaa inayosoma karatasi hii iketi jioni moja. Msianze na ugomvi wa watu wengine. Ulizeni: katika nyumba hii tunapigania nini, na nani analipa? Kisha mmoja wenu awe wa kwanza kubeba aibu. Kama ni baba, heri baba. Kama ni mtoto, wakubwa wasimcheke. Na vyumba vya maombi viombee nchi yetu, Kongo: Mungu awape wakubwa wanaokaa katika vyumba vya mashauri masikio ya kusikia kilio cha wale wasiokaribishwa humo.

Tuombe.

Baba yetu uliye mbinguni, tunaleta mbele yako nyumba zetu na nchi yetu. Utupe akili ya kuketi na kuhesabu. Utupe moyo wa kubeba aibu kusudi wengine wapone. Uwakumbuke waliokimbia, uwakumbuke wajane na yatima wa vita vyote, wa huku kwetu na wa mbali. Ondoa masharti yetu mbele yako, Bwana, ututawale bila sharti. Katika jina la Yesu Kristo.

Amina.